Seramiki imempelekea nani?

SWALI: Nasoma mawasiliano ya redio katika chuo kimoja hapa Arusha. Kwenye ripoti yangu niliandika: "Matumizi ya seramiki yamepelekea antena kupungua ukubwa mara tatu." Msimamizi amezungushia neno "antena" kwa wino mwekundu, akauliza ni la ngeli gani. Je, nimekosea?

JIBU: Hujakosea. Antena ni ya I-ZI: antena hii imepungua, antena hizi zimepungua. Asili yake ni Kilatini, ambako lilikuwa jina la foromali, ule mti unaobeba tanga la chombo. Hilo limekwisha.

Kinachonikera ni "yamepelekea", na nasikitika kwamba wino mwekundu umelipita bila kuligusa. Limejaa kila mahali siku hizi: mvua imepelekea mafuriko, mwendokasi umepelekea ajali. Kupeleka kuna mzigo na kuna safari. Ukisema kupelekea, umeongeza na mtu wa kuupokea. "Mpelekee shangazi ndizi Tengeru." Ndizi ndizo zinazopelekwa, shangazi ndiye anayepelekewa, Tengeru ndiko ziendako. Ondoa ndizi, shangazi atauliza mzigo wake uko wapi. Mwondoe shangazi, useme "nimepelekea ndizi Tengeru", na anayekusikiliza atangoja umtaje mwenye ndizi. Hata kikapu cha kupelekea ndizi kina kazi yake inayoeleweka. Sasa hiyo seramiki yako imempelekea nani, nini, wapi?

Najua nitaambiwa lugha inakua na wanaosema hivyo ni wengi. Ni wengi kweli, na ningewavumilia kama neno hilo lingetuongezea chochote. Linatupunguzia. Mwandishi akishaandika "imepelekea" huruka kutoka chanzo hadi tokeo, na pale katikati, penye elimu yenyewe, hapagusi.

Hebu tupaguse. Antena ya bamba, yaani kipande bapa cha metali kilicholazwa juu ya faibaglasi, seramiki au kitu kingine kisichopitisha umeme, hukatwa kwa nusu ya urefu wa wimbi la redio, au karibu na hapo. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4, nusu hiyo hewani ni sentimita 6 na ushei. Wimbi likipita ndani ya kitu kigumu hupunguza mwendo, na kwa kuwa masafa hayabadiliki, urefu wake hufupika. Kadiri ya kufupika ni kipeuo cha pili cha pemitiviti ya kitu hicho, yaani namba inayopima jinsi kinavyoitikia uga wa umeme. Faibaglasi ya kawaida ya sakiti ina pemitiviti ya 4.4 hivi, basi antena hushuka hadi sentimita 3. Seramiki yenye 10 huifikisha sentimita 2. Kwa hiyo usiseme "kupungua mara tatu", sema imebaki theluthi ya urefu wake wa hewani.

Andika hivi: "Wimbi hupunguza mwendo ndani ya seramiki, urefu wake hufupika, na antena hufupika nayo." Ukitaka kifupi, "seramiki imefupisha antena" inatosha. "Imesababisha" pia sina ugomvi nayo. Tena, ukishaeleza njia, hasara nayo itakudai nafasi: upana wa masafa ambamo antena hiyo hufanya kazi vizuri huwa mwembamba, na sehemu ya nguvu hutambaa ndani ya seramiki badala ya kutoka hewani. Msomaji wa ripoti anayataka hayo.

Rekebisha sentensi hiyo kabla hujairudisha kwa msimamizi, kisha pitia ripoti nzima ufute kila "imepelekea" utakayoikuta, hata kwenye ukurasa wa shukrani.