Maswali ya Wasomaji: Kitabu Kipo Maktaba ya Mtandaoni, Mbona Hakifunguki?

Tuko 140 kwenye kozi ya fiziolojia. Kitabu cha kiada kipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo, lakini karibu na mitihani kila ukikifungua unaambiwa kinatumika na mtu mwingine. Faili la kompyuta linamalizwaje na mtu mmoja?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Morogoro*

Maktaba hainunui faili, inanunua leseni, na leseni huhesabu vichwa. Ipo ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, ya watatu, na isiyo na kikomo. Kwa maelezo yako, chuo chenu kina ile ya mmoja, ambayo ndiyo nafuu. Kwa darasa la watu 140 haitoshi hata kidogo.

Kuna kosa moja linaloumiza darasa zima: kuazima kitabu kizima. Ukikipakua kwa siku saba, umekishika siku zote saba hata kama hukifungui, na wenzako 139 wanakesha bure. Pakua kurasa unazozihitaji kama PDF; hizo kwa kawaida haziishi muda. Idadi ya kurasa hupangwa na mchapishaji, kwa hiyo anza na mada yenyewe, usipoteze kurasa kwa dibaji. Ukimaliza kusoma, bofya kitufe cha kutoka. Ukifunga kivinjari tu, mfumo unaweza kuendelea kukuhesabu kwa dakika kadhaa kana kwamba bado unasoma.

Kisha mwandikieni mkutubi: jina la kitabu, toleo, idadi yenu. Mfumo humwekea hesabu ya waliorudishwa mlangoni, na kwa hesabu hiyo anaweza kuombea fedha za leseni kubwa zaidi.

Nikiwa chuoni vitabu vinafunguka. Nikiwa nyumbani natakiwa nilipe kwa dola.
*Msomaji, Dodoma*

Tovuti ya mchapishaji haikujui wewe, inajua anwani za mtandao wa chuo. Ukiingia kwa bando lako inakuona mpita njia. Usianzie Google. Anzia ukurasa wa maktaba, ingia kwa namba ya usajili na nywila, halafu tafuta kitabu kutokea humo. Chuo kinachotumia proksi, yaani mtambo unaokupitisha kwa mchapishaji kana kwamba uko chuoni, utakitambua juu ya kivinjari: jina la tovuti ya mchapishaji limeunganishwa na la chuo, na mwisho wake ni ac.tz. Ukiona .com peke yake, hujapita mlango wa maktaba. Ndiyo maana linki aliyokutumia rafiki kwa WhatsApp akiwa chuoni hukugomea wewe nyumbani.

Nywila ikikataa, hakikisha kwanza usajili wako wa mwaka umekamilika.

Mimi ni mhadhiri. Kitabu ninachofundishia kinauzwa mtandaoni. Kwa nini maktaba isinunue nakala moja ikawagawia wanafunzi?

Nakala hiyo, mwalimu, ina leseni ya mtu binafsi, na masharti yake yanakataza kugawa. Vitabu vingi vya kiada haviuzwi kabisa kwa maktaba kwa njia ya kielektroniki. Vingine hutolewa kwa ada ya kila mwaka kwa kila mwanafunzi. Hata umoja wa maktaba za vyuo, COTUL kwa Tanzania na KLISC kwa Kenya, unaosaidia kujadiliana bei kwa pamoja, hauwezi kununua kisichouzwa.

Kwa hiyo muulize mkutubi kabla hujaandika jina la kitabu kwenye muhtasari wa kozi. Miezi mitatu kabla ya muhula si mapema mno. Angalia pia OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, inayotoa vitabu vya kiada bure tangu 2012, fiziolojia ikiwemo. Leseni yake ni huria: unaruhusiwa kupakua, kuchapa na kugawa. Mafaili yake ni mazito, usiwaachie wanafunzi wayalipie kwa bando. Yapakue mara moja kwa Wi-Fi ya chuo, uweke nakala kwenye kompyuta za maktaba, na wenye flashi wanakili hapo.