Kwa wadogo zangu mnaoanza kumsoma Ebner-Eschenbach

Wiki hii nimesoma insha tatu za semina, na zote zinasema Marie von Ebner-Eschenbach, Mwaustria aliyeandika kwa Kijerumani, ni mwandishi wa riwaya "aliyejaribu pia tamthilia". Jamani, angalieni miaka!

1. Anzeni na jukwaa. Alizaliwa 1830 huko Zdislawitz, Moravia (leo ni sehemu ya Jamhuri ya Czech), na tangu ujana alitaka kuwa mtunzi wa tamthilia. Tamthilia yake kuhusu Maria Stuart, malkia wa Uskoti, ilichezwa Karlsruhe, Ujerumani, lakini mwaka 1873 nyingine, "Das Waldfräulein", ilishambuliwa vikali Vienna. "Božena", riwaya, ilitoka baadaye, 1876. Ukiisoma, sikiliza mazungumzo: ni ya mtu aliyezoea kuandikia waigizaji.

2. Msitafsiri jina la kitabu kabla ya kukisoma. Hili linaniuma hadi leo. Mwaka wangu wa pili niliipa riwaya yake "Das Gemeindekind" (1887) jina "Mtoto wa Jumuiya", nikafungua insha kwa "Mkono mmoja haulei mwana", kisha nikajaza kurasa kumi na mbili jinsi kijiji kizima kilivyomlea Pavel, mhusika mkuu. Nilikuwa nimesoma muhtasari tu. Mwalimu hakunigombeza. Alifungua sura za mwanzo, akanipa nisome kwa sauti mbele ya wenzangu. Baba amenyongwa kwa kumuua padri, mama yuko gerezani, na wakubwa wa kijiji wanabishana nani atabeba gharama. Bibi mwenye kasri anamchukua Milada, dada yake Pavel, peke yake. Pavel anasukumiwa kwa mchungaji wa mifugo wa kijiji, nyumba ambayo kila mtu anajua si ya kulea mtoto. Nilipofika hapo sauti ilinikauka. Mtoto yule alikuwa mzigo wa kijiji, wa kulishwa kwa fedha ya wote na kudharauliwa na wote, nami nilikuwa nimempamba kwa methali. Nilimwonea Pavel kwa mara ya pili. Niliandika upya insha yote, na usiku ule ndipo nilipoanza kumpenda mwandishi huyu.

3. "Krambambuli", hadithi yake fupi kuhusu mbwa mwenye jina hilo, isomeni bila kupumzika, na msisahau kwamba mbwa yule alinunuliwa kwa chupa 12 za pombe.

4. Alijifunza ufundi wa saa kwa mikono yake, na 1880 akatoa "Lotti, die Uhrmacherin" (Lotti, fundi saa). Kwa hiyo mkitafsiri majina ya vipande vya saa, msiandike "kifaa" kila mahali. Mimi nilikwenda kwa fundi saa Kariakoo, akaifungua saa kuukuu ya mkono na kunitajia kila kipande, kimoja kimoja, huku mimi nikiandika. Nendeni na daftari.