Maswali ya Wasomaji: Je, Draiva za Zamani Zitaachwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya tranziti hapa Lubumbashi, tukijaza hati za malori yanayoelekea Kasumbalesa. Hati zetu huwa na nakala nne zenye kaboni, kwa hiyo bado tunaitegemea printa ya zamani inayogonga utepe wa wino kwa sindano, iliyounganishwa na kompyuta kupitia ule mlango mpana wa pini 25. Kompyuta yenyewe inatumia mfumo endeshi wa Linux. Kijana anayetutengenezea mashine ameniambia kwamba draiva za vifaa vya kale zinaondolewa katika kiini cha Linux, na kwamba zile zinazobaki hurekebishwa na watu wasiokuwa na printa kama yetu. Je, ni kweli? Na je, niache kusasisha mfumo ili kazi isisimame?
Msomaji wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Ndugu msomaji, kijana wako hakukosea, ila hakumaliza maelezo, na sehemu aliyoiacha ndiyo inayokuhusu zaidi.

Draiva ni programu ndogo iliyo mkalimani kati ya kifaa na kiini, yaani sehemu ya katikati ya mfumo endeshi inayoongoza kompyuta nzima. Printa yako haijabadilika. Leo inangoja ishara zilezile ilizokuwa ikizingoja siku ilipotoka kiwandani. Anayebadilika ni kiini. Tangu Linus Torvalds aanze kukiandika mwaka 1991 hakijatulia, na sasa toleo jipya hutoka kila baada ya majuma tisa au kumi, likiwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Kwa desturi ya mradi huo, mtu akibadilisha njia ya ndani ya kiini, ni wajibu wake kurekebisha draiva zote zinazopita humo, zikiwemo za vifaa ambavyo hajawahi kuvigusa. Mwaka 2017, kwa mfano, namna draiva zinavyoomba kuamshwa baada ya muda fulani ilibadilishwa kwa sababu za usalama, na mamia ya draiva yakaguswa. Kazi kama hiyo haifanywi kwa mkono peke yake. Ipo programu iitwayo Coccinelle, ambayo hupewa umbo la msimbo wa zamani na umbo la msimbo mpya, kisha hubadilisha kila mahali inapolikuta lile la kwanza.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Msimbo uliokubali kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, si msimbo uliojaribiwa. Kompaila inaweza kugundua kwamba umetaja kitu kisichokuwepo, lakini haijui kwamba printa imeishiwa karatasi katikati ya mstari, wala kwamba waya wa kuunganishia umechakaa. Kompyuta ya kuigiza, kama ile ya QEMU (programu inayojifanya kuwa kompyuta nzima), inasaidia sana, lakini kifaa cha kuigiza hufanya kile tu ambacho mwandishi wake alikikumbuka.

Kuhusu kuondolewa, si kila kinachoondolewa hutoka kwa sababu moja. Mwezi wa Desemba 2012 kiini kiliacha kuhudumia prosesa ya 386, ileile ambayo Torvalds alianzia nayo, kwa kuwa kuibeba kulikuwa kunatatiza kazi ya prosesa nyingine. Mwaka 2021, katika toleo 5.14, draiva za zamani za diski za IDE (diski za mtindo wa kale) zilitolewa kwa kuwa zile mpya, ziitwazo libata, zilikuwa tayari zinafanya kazi hiyohiyo. Lakini kisa cha mwaka 2019 ndicho ninachoomba ukizingatie: draiva ya flopi iliandikishwa rasmi kuwa yatima, maana aliyekuwa akiitunza hakuwa tena na kifaa kizima cha kuijaribia. Mwingine akajitokeza akaichukua, nayo ikabaki. Kwa maoni yangu draiva haiuawi na umri. Inakufa pale anayeijua na anayekimiliki kifaa wanapokosa kufahamiana. Wewe, ndugu yangu, unacho kifaa.

Kwa hiyo usiache kusasisha, hasa kama kompyuta hiyo inaingia kwenye intaneti. Fuata matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu, na kila mara bakiza kiini cha zamani kwenye orodha inayoonekana wakati wa kuwasha, ili kipya kikikataa urudi kwenye kile kilichokuwa kikifanya kazi.

Jaribio lenyewe lifanye Jumamosi jioni, malori yakiwa yamepungua. Washa kompyuta kwa kiini kipya na usome dmesg, yaani amri inayoonyesha ujumbe wa kiini: utafute mstari unaotaja parport0 (ule mlango wa pini 25), kwa kawaida pamoja na anwani 0x378. Kisha tuma mstari mmoja wa maandishi moja kwa moja kwenye /dev/lp0, jina ambalo Linux huipa printa hiyo, bila kupitia programu ya ofisi, ukasikilize sindano. Chomoa karatasi kabla ukurasa haujaisha; draiva inapaswa kulalamika kwenye dmesg, kisha kuendelea ukiirudisha. Ilaze kompyuta, iamshe, chapa tena. Mwishowe ondoa moduli ya lp, yaani draiva ya printa yenyewe, na uirudishe mara kumi mfululizo, kwa maana draiva iliyorekebishwa vibaya mara nyingi hujifichua pale inapotakiwa kurudisha kumbukumbu iliyoazima. Usitumie waya wa kugeuza USB katika jaribio hili: huo huhudumiwa na draiva nyingine kabisa.

Kitu kikiharibika, andika toleo la mwisho lililofanya kazi, toleo la kwanza lililoshindwa, na dmesg ya yote mawili. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, lakini mambo hayo matatu hayahitaji ufasaha. Kanuni ambayo Torvalds huisimamia kwa ukali ni kwamba badiliko lisimharibie mtumiaji kilichokuwa kikimfanyia kazi, kwa hiyo malalamiko yako yana uzito. Ukiombwa kulitafuta badiliko lenyewe kwa git bisect (amri ya kutafuta badiliko lililoleta hitilafu), usiogope: kugawanya mabadiliko nusu kwa nusu kati ya matoleo mawili yanayofuatana huchukua takriban majaribio 14. Kijana wako akompaili kwenye kompyuta yenye nguvu zaidi, maana hiyo ya ofisi itachukua saa nyingi na umeme wetu hauna subira hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa informatiki Bukavu na sina kifaa chochote cha kale. Ninaweza kusaidia?
Mwanafunzi, Bukavu

JIBU: Unaweza. QEMU huigiza kadi ya mtandao ya RTL8139. Soma draiva yake, 8139cp, kisha iwashe humo na uijaribu. Ipo pia zana ya majaribio iitwayo KUnit, iliyoingia katika kiini mwaka 2020 kwa toleo 5.5, ambayo hujaribu vipande vya msimbo bila kifaa chochote. Ila ukituma marekebisho ambayo hukuyajaribu kwenye kifaa halisi, andika waziwazi kwamba umekompaili tu, au umejaribu kwenye QEMU tu, ili mwenye kifaa ajue kwamba bado anasubiriwa.