Duka la Mshihiri au supamaketi ya Nyali? Bi Mkubwa anajibu

SWALI: Salaam aleikum Bi Mkubwa. Mimi niko Bamburi, vitu vya jikoni nachukua dukani kwa Mshihiri, Mwarabu wa asili ya Yemen, huko mjini karibu na Marikiti, mchele, iliki, samli, kila kitu. Wifi yangu anakaa Nyali na kila akija lazima atie neno, ati vile vitu ni rahisi kwa sababu ni vibovu, mtu na akili zake ananunua supamaketi kwenye eisi. Sasa mume naye ashaanza kumsikiza. Nani kati yetu anaibiwa?
Msomaji, Bamburi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Wifi ni wifi, hata ungenunua Dubai angepata la kusema, kwa hivyo tumuache kwanza tuzungumze duka.

Bei ya Mshihiri iko chini kwa sababu unazoziona kwa macho: halipii eisi wala parking wala watu wa kupanga rafu, muuzaji ni yeye na mtoto wa nduguye, mali anachukua kwa gunia anakupimia kwa kilo, hakuna paketi ya rangi rangi unayolipia wewe. Hawa Washihiri, watu wa Hadhramaut kule Yemen, wanauza duka hapa Mombasa tangu enzi za mababu, na mtaani ukiuza mchele wa wadudu leo, kesho mpaka msikitini washajua.

Mfanyie wifi jaribio moja. Chukueni iliki yako na yake mzipasue pamoja. Punje zikiwa nyeusi, zinanata kidogo kwa kidole na harufu inakupiga hapo hapo, hizo mpya. Zikiwa kahawia, kavu, hazina harufu, zimekaa sana, na kusema kweli kile kichupa cha supamaketi ndicho kinachokaa, maana Nyali nani ananunua iliki kila siku? Kwa Mshihiri gunia linaisha linafunguliwa jingine. Alafu mpige hesabu kwa gramu: tuseme kichupa cha gramu 50 ni shilingi 300 na robo kilo ya kupima ni 1,000, wifi analipa 6 kwa gramu, wewe 4. Mdalasini pia, usidanganyike na lebo, gome nene gumu lililojikunja mara moja ni kasia, ule wa Ceylon ni mwembamba tabaka tabaka kama karatasi na bei yake ni nyengine, popote utakaponunua.

Lakini wifi naye ana yake. Viungo vilivyosagwa vya kupimwa sichukui mimi, manjano ya unga huwezi kujua imetiwa nini, nunua nzima usage. Maziwa, mtindi, kuku wa barafu, nenda penye jenereta, stima zetu mnazijua wenyewe, na ukiona pakiti ina mabonge ya barafu ndani hiyo iliyeyuka ikagandishwa tena, irudishe hata kama ni duka la marumaru. Sukari na mafuta zikiwa na ofa supamaketi wakati mwengine wanamshinda Mshihiri, nenda ukachukue usione haya.

Na hiyo supamaketi isimpe usingizi wa pono. Novemba 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, walisimamisha aina 5 za unga wa sima kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu, unga wa paketi safi kabisa wenye majina yanayojulikana, si wa gunia la mtu. Alama ya KEBS ina namba chini yake, andika SM# na hiyo namba utume 20023, utajibiwa kama kibali ni cha kweli. Vitu vya nje tafuta stika ya ISM, alama ya KEBS ya bidhaa zinazoingizwa nchini. Mshihiri wako akikasirika ukigeuza kopo kutafuta stika, hama duka.

SWALI: Bi Mkubwa, tende za Ramadhani nichukue za kupima au za boksi? Za kupima naona zina kitu cheupe juu.
Msomaji, Likoni

JIBU: Kikiwa kigumu kama chembechembe ni sukari yake tu imetoka, kula. Kikiwa kama manyoya, au tende inanuka chachu, wacha. Na kabla hujalipa pasua moja uangalie ndani penye kokwa, wadudu hukaa hapo, za boksi pia, sema boksi hawakuachii upasue.