Karatasi ibandikwe mlangoni kabla nyundo haijapigwa

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: majengo ya kale na sanaa zilizosimamishwa hadharani mijini, zisimamiwe na serikali ya kaunti au zibaki mikononi mwa serikali kuu? Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, na mpaka leo naishi huko, kwa hivyo nitajibu kwa yale ninayoyaona nikifungua dirisha. Jibu langu ni kaunti. Ila nina masharti, na sharti moja nalishikilia kuliko yote.

Kwanza tukumbushane sheria inavyosema, maana wengi tunabishana bila kuisoma. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi hizi mara mbili. Majengo ya kale na kumbukumbu za historia zenye umuhimu wa kitaifa ni za serikali kuu. Kaunti zimepewa shughuli za utamaduni, makavazi, bustani na fuo, na zimepewa pia mipango ya ardhi na ujenzi. Kwa hiyo Ngomeni, yaani Fort Jesus, iko chini ya Makavazi ya Kitaifa, na hapo hakuna utata. Utata unaanza ukivuka barabara ukaingia mitaani. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi hukagua michoro ya anayetaka kujenga au kukarabati. Lakini kibali chenyewe cha ujenzi hutoka kaunti. Nyumba moja, ofisi mbili, na kila moja ina mhuri wake na foleni yake. Wahenga wa pwani walishasema manahodha wengi chombo huenda mrama, na sisi ndio abiria.

Nitatoa mfano wa nyumba yetu wenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa letu.

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya marehemu nyanya yetu, ule ulioegemea birika la kuhifadhia maji, uliporomoka plasta baada ya masika. Nyumba ile imejengwa kama zote za zamani: mawe ya matumbawe, chokaa, na dari ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba hautokani na mapenzi ya mwenyewe, boriti ya mkoko ndiyo inayoamua, nayo haitoshi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Tulimwita fundi kijana. Alikuja na mifuko ya simiti, akapiga plasta kwa siku mbili, ukuta ukawa laini kama sahani. Tukapaka rangi, tukashukuru.

Mwaka haukuisha. Rangi ilianza kuvimba malengelenge. Ukiyagusa, yanapasuka na kumwaga unga mweupe, nao ukiuonja ni chumvi. Kisha plasta ikaanza kubanduka vipande vizima, na mara hii haikutoka peke yake: kila kipande cha simiti kiling'oa na jiwe. Nyanya alikuwa akiviokota asubuhi na kuvipanga kwenye karai pale ukumbini, kama mtu anayengoja kuja kuvirudisha.

Mzee mmoja fundi wa chokaa kutoka Kuze ndiye aliyetuokoa. Alipoingia hakufungua mfuko wa vifaa. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, mahali pengi, akisikiliza. Akamwambia nyanya, "Bimkubwa, ukuta huu mmeuziba pumzi." Akatueleza sisi wajukuu, pole pole, kwamba matumbawe yalitoka baharini na chumvi yake haiishi. Chokaa huacha unyevu utoke nje na chumvi itoke nayo. Simiti huufungia ndani, na chumvi ikikosa njia hulila jiwe. Alichimbua simiti yote, akaroweka chokaa kwenye pipa kwa wiki kadhaa akiikoroga, ndipo akapiga. Ukuta ule mpaka leo uko.

Sasa nauliza: ni ofisi gani ingezuia kosa letu? Kwa nje nyumba haikubadilika hata kidogo. Hatukuongeza ghorofa wala kung'oa roshani, na mlango wenye nakshi uko pale pale. Mkaguzi aliyekuja na mchoro mkononi angeona uso wa nyumba uko sawa, akaenda zake. Lakini mtaa mzima uliona. Mkokoteni wa simiti ukiingia kwenye vichochoro vyetu hakuna asiyeusikia. Ukipita Ndia Kuu (na "ndia" ni njia kwa Kimvita chetu, wageni hudhani ni jina la mtu) utasalimiwa na watu kumi wanaojua unakwenda kujenga nini. Ujuzi huo wa jirani ndio usimamizi wa kwanza, na hakuna sheria inayoutumia.

Hiyo ndiyo sababu nasema kaunti. Sisemi hivyo kwa kuidharau kazi ya Makavazi. Tazameni Ngomeni: Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya jela tangu 1895 hadi 1958, na baada ya yote hayo imebaki imesimama na mwaka 2011 ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wataalamu wa Makavazi wanajua kazi. Lakini ngome ina mwenyewe mmoja na lango moja. Mji una nyumba za urithi zenye warithi kumi na wanne, wengine wako Muscat, wengine London. Una nyumba za wakfu, na nyumba ambazo mwenyewe ni mjane anayeishi kwa kodi ya chumba cha chini. Huwezi kuulinda mji wa namna hiyo kwa kutangaza katika gazeti la serikali halafu ukasubiri watu watii. Anayeulinda ni mtu anayeweza kufika kwa miguu siku hiyo hiyo mkokoteni unapoingia, na kwa katiba yetu mtu huyo ni wa kaunti.

Najua mtakachonijibu. Mtasema kaunti ndiyo hiyo hiyo inayotoa vibali vya maghorofa, na kwamba siasa za wadi zitaumaliza Mji wa Kale kabla mvua haijaumaliza. Hofu hiyo ninayo pia. Na nakumbuka vizuri mwaka 2018, kaunti yetu ilipoagiza majengo ya mjini yapakwe rangi nyeupe na buluu. Sina ugomvi na usafi. Mji uliopakwa unapendeza, na tulikuwa tumechoka na matangazo yaliyochorwa kila ukuta. Lakini agizo lile lilinionyesha jinsi wakubwa wanavyouelewa mji: kwa macho ya mtu anayepita garini. Kwa jengo la mawe ya matumbawe swali la kwanza si rangi gani. Ni rangi ya aina gani, kwa sababu ya plastiki ikipigwa juu ya ukuta wa zamani huziba pumzi vile vile kama simiti. Mtu aliyewahi kuroweka chokaa angeliuliza hilo kabla ya kutia sahihi.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni watu. Kila kaunti ya pwani yenye mji wa kale, Mombasa, Lamu, Kilifi, iajiri wakaguzi wanaojua chokaa na boriti, na iwalipe mafundi wazee waliobaki ili wafundishe vijana. Lamu iko kwenye orodha ya dunia tangu 2001 na Gedi imeingia 2024. Orodha hizo ni heshima kubwa, nazo hazipigi plasta. Mafundi wale wanapungua, na mwenye ujuzi akiondoka anaondoka nao.

Na hapo hapo kuna jambo linaloniuma. Mwaka 2018 serikali kuu ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, mikoko nayo iliingia humo. Misitu lazima ilindwe, hilo sibishi. Ila mwenye nyumba ambaye dari yake ilikuwa inainama angefanya nini? Hakuwa na boriti, lakini alikuwa na jirani anayeuza nondo za chuma. Akimwaga zege juu ya kuta za matumbawe, kuta zinabebeshwa mzigo ambao hazikujengwa kuubeba. Sheria nzuri ya misitu iliweza kuua nyumba ya kale kwa sababu waliokaa mezani siku ile hawakumkumbuka mwenye nyumba. Kaunti yenye dawati la urithi ingepeleka hoja hiyo mapema: mikoko kidogo, kwa kibali, kwa ukarabati tu.

Kuhusu sanaa za hadharani, nitazame Pembe za Ndovu pale Moi Avenue. Zilisimamishwa kwa mara ya kwanza 1952, kwa ajili ya ziara ya Princess Elizabeth, na mzee wa Kuze au Makadara hakuulizwa kama anazitaka. Hata hivyo leo ni zetu. Mtoto wa Mombasa akiwa mbali na kwao, akiona picha ya pembe zile za alumini zimekutana juu ya barabara, moyo humruka. Mnara wa askari ulioko mjini kwetu una ndugu zake Nairobi na Dar es Salaam, yote ya miaka ya 1920, kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Yule wa Dar es Salaam amesimama mahali ambapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, na Waingereza wakaiondoa walipouteka mji 1916. Kila mtawala aliyekuja alisimamisha chake na kuondoa cha mwenzake, na mwenye mji akawa mtazamaji. Nisingependa kaunti iendeleze desturi hiyo. Kama ni kusimamisha sanamu kwenye mzunguko wa barabara, au kufuta mchoro wa vijana kwenye ukuta wa umma, tuulizwe. Katiba imeshasema wananchi washirikishwe. Tangazo la Kiingereza katika ukurasa wa ndani wa gazeti halimshirikishi mama anayeuza mahamri chini ya ukuta wenyewe.

Wapo watakaosema dawa ni kuunda mamlaka moja maalumu, kama wenzetu wa Unguja. Wao wana mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe tangu 1985, na mji wao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Naiheshimu kazi yao, na nyumba zao na zetu ni dada: matumbawe yale yale, mikoko ile ile. Lakini Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa ndani wanalikarabati, na wawili walipoteza maisha. Nililia siku ile. Mamlaka ilikuwepo na sheria ilikuwepo, na jengo lenyewe ndilo mashuhuri kuliko yote pwani hii. Jengo la chokaa halingoji mradi mkubwa wa miaka kumi. Linataka paa lizibwe mwaka huu, na mwaka ujao tena. Kwa hiyo sharti la pili ni fedha ndogo ndogo za kila mwaka katika bajeti ya kaunti, za kuwasaidia wenye nyumba kuziba mapaa kabla ya masika. Mwenye nyumba akipewa amri bila msaada, ataiacha ianguke, kisha auze kiwanja.

Na sharti ninalolishikilia kuliko yote ni karatasi. Kaunti na Makavazi wakae dawati moja, hapa hapa Mji wa Kale, na kibali kiwe kimoja chenye sahihi mbili. Kikiombwa, kabla hakijatolewa, karatasi ibandikwe kwenye mlango wa nyumba husika kwa siku 14. Iandikwe kwa Kiswahili: nani anaomba, anataka kubomoa nini, anataka kutumia simiti au chokaa, ataongeza ghorofa au la, na jirani mwenye neno alipeleke wapi. Vivyo hivyo kwa sanamu na mchoro wa ukutani, ibandikwe pale pale patakapowekwa. Gharama yake ni karatasi na gundi. Lakini aliyezoea kujenga usiku wa Ijumaa ofisi zikiwa zimefungwa atakuwa na macho mia yanayomtazama wiki mbili nzima, na yule mzee wa Kuze, akipita kwenda msikitini, atasoma neno "simiti" na kugonga mlango.

Nyumba yetu sasa ina roshani inayoinama upande wa barabara, boriti mbili zimeliwa na mchwa. Tunakusanya pesa sisi warithi, polepole. Tukiwa tayari, hata kama hakuna sheria inayotulazimisha, nitaandika karatasi hiyo kwa mkono wangu na kuibandika mlangoni, chini ya nakshi, kwenye kimo ambacho mtu mzima anaweza kuisoma bila kuinama.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa