Jibu: μ₂ juu ya F₂ ina memba zaidi ya 1

Habari ndugu. Umeuliza kama μ₂, yaani majibu ya x² = 1 yanayounganishwa kwa kuzidisha, ina kitu chochote juu ya F₂ (namba 0 na 1 tu, ambamo 2 = 0). Umekwama hapa: juu ya F₂, x² = 1 ni sawa na (x−1)² = 0, jibu ni 1 pekee, basi unaona μ₂ haina kitu zaidi ya hiyo 1. Nami nilikwama hapohapo wiki nzima.

Kwanza angalia unatafuta majibu ndani ya ringi gani (mfumo wa namba unazoweza kujumlisha na kuzidisha). μ₂ ni skimu ya kundi, na skimu ya kundi ni kama mashine: kila ringi utakayoipa, inakurudishia kundi, hapa majibu ya x² = 1 ndani ya ringi hiyo. Ipe F₂[e], yaani F₂ iliyoongezewa e, ambamo e² = 0, kisha zidisha kwa mkono:

(1+e)² = 1 + 2e + e² = 1

Umeiona 1+e? Ni memba halali, na si 1.

Halafu linganisha na α₂, yaani x² = 0 kwa kujumlisha. Ukiandika jibu la μ₂ kama 1+a, umbo ni lilelile (a² = 0), ila katika μ₂ unazidisha: (1+a)(1+b) = 1+a+b+ab, wakati α₂ inatoa a+b tu. Hiyo ab ndiyo inayozitenganisha.