Je, hela za TASAF zinawafanya akina mama wazae zaidi?

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji wilayani Newala, Mtwara. Mkutanoni watu wanadai akina mama walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, wanazaa mfululizo ili waongezewe hela. Wanataka nipendekeze atakayejifungua tena aondolewe kwenye orodha. Kitaalamu imekaaje?

JIBU: Mheshimiwa mwenyekiti, pendekezo hilo lisitoke hapo kijijini. Maneno haya nayasikia kuanzia Nachingwea hadi Tandahimba, na wanaoyasema hawajawahi kupiga hesabu. Mpango ulipoanza, kaya ilipewa Sh 10,000 kwa mwezi, na yenye watoto ikaongezewa Sh 4,000. Hiyo ni ya kaya nzima: uwe na mtoto mmoja au sita, ni ileile. Ya kupeleka watoto kliniki nayo Sh 4,000 kwa kaya, hata wachanga wakiwa watatu. Nani abebe mimba miezi tisa na kulea miaka kumi na minane kwa hesabu hiyo?

Zambia ndiko ungetegemea watu wazae makusudi, maana tangu 2010 ruzuku yao ililenga kaya zenye watoto wadogo. Watafiti walizifuatilia kaya hizo miaka minne, uzazi haukuongezeka. Kenya, kaya zilizolipwa kwa ajili ya yatima zilionyesha mimba za wasichana zikipungua, na wengi wao wakibaki shuleni. Hata serikali tajiri zinazobembeleza watu wazae zinashindwa: Korea Kusini imemwaga mabilioni, na mwaka 2023 wastani ulikuwa mtoto 0.72 kwa mwanamke.

Tena tuhuma hii inaelekezwa kwa wanawake wa Kusini, wakati Lindi na Mtwara ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa kutumia njia za kisasa za uzazi wa mpango!

Kinachonikera zaidi ni viongozi wanaodhani uzazi unaongozwa kwa adhabu au amri. Romania ilipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966. Mwaka uliofuata vizazi vilikaribia kuongezeka maradufu, kisha vikashuka tena, huku wanawake wengi wakifa kwa kutoa mimba vichochoroni. Ukimtishia mama kumfuta, mimba haitazuilika; ataificha. Hatahudhuria kliniki, atajifungulia nyumbani, na akitokwa damu nyingi usiku mtakuwa mnatafuta bodaboda ya kumfikisha zahanati. Mkutano ujao, ulizeni kwanza kama vijiti na sindano za uzazi wa mpango vinapatikana hapo zahanati kila mwezi.